Nusu Mbili

"Mjomba, wewe lete tu."

Hayo nimeambiwa Jumapili hii, mbele ya mama mkwe, na mtoto wa miaka minne ambaye bado anavaa ndala ya kulia mguu wa kushoto.

Alikuwa anajenga daraja la mabasi ya mwendokasi pale sebuleni. Nguzo mbili zimesimama, juu wazi, na matofali marefu ya mbao yamekwisha. Nikampa mafupi mawili. Nusu na nusu ni moja, nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa kujua hesabu. Akanitazama. "Chini sawa. Juu hapana." Nikayapanga mwenyewe, ncha kwa ncha. Daraja likaporomokea kwenye chai ya mama mkwe, naye akauliza taratibu, "Na huyu ndiye mhasibu?"

Kinachouma ni kwamba mtoto alisema kweli. Matofali yale fundi seremala aliyakata kwenye mabaki ya mninga, kwa vipimo vya Caroline Pratt, mwalimu wa New York wa mwanzoni mwa karne iliyopita: unene kama sentimita 3.5, upana 7, urefu 14. Kila kipimo ni maradufu ya kilichotangulia. Laza mafupi mawili sakafuni kando ya refu moja, hayapishani hata unywele. Bebanisha mawili, kimo chake ni sawa na cha moja lililosimama kwa ubavu. Mtoto hajasikia habari za sehemu, lakini vidole vyake vinaijua robo. Hewani sasa, mambo ni mengine: kila nusu imeshika nguzo moja tu, upande wa pili hauna wa kuubeba, na uzito unauvuta chini. Leja zangu hazijawahi kunidokeza hilo.

Harriet Johnson, aliyeandika juu ya michezo hii mwaka 1933, aliona kwamba watoto huanza kwa kubeba matofali huku na huko, bila kujenga chochote. Madaraja huja baadaye. "Lete tu": nimeshushwa cheo hadi kwa walioacha kutambaa juzi.

Usiku nikakanyaga tofali moja gizani.

Shuleni kwa mtoto huyu matofali yapo, juu ya kabati, ndani ya nailoni. Hushushwa wakaguzi wakija. Siku nyingine yangechafuka, nimeambiwa. Yeye anayekadiria mwanya kwa jicho analetwa nyumbani na daftari la 1 hadi 50, ile 3 aliyoigeuza imechorwa X nyekundu iliyotoboa karatasi, na chini yake, "Hesabu bado." Kwenye ada ya muhula kuna mstari unaosema "vifaa vya michezo". Nimeomba risiti.