Kondoo kwa tofali moja

Kijiwe chetu kiko Nyankumbu, mjini Geita, chini ya mwembe, ukutani mwa fundi baiskeli. Miaka yote tumecheza drafti pale, na drafti haina makuu: kipande cha plaiwudi, vizibo 12 vya soda vimelala chali kwako, 12 kifudifudi kwa mwenzako. Ukifungwa unanyanyuka, anakaa mwingine.

Mwezi uliopita mpwa wangu akaja likizo kutoka Dar na boksi kwapani.

"Mjomba, drafti mnacheza wawili, wengine wote mnatazama tu. Huu ni wa watu wanne. Mnakaa, mnapiga stori."

Nani kamwambia sisi hatupigi stori? Kijiweni anayecheza ndiye pekee anayenyamaza. Wale saba waliosimama nyuma yake ndio wanaosukuma kete kwa midomo.

Mchezo wenyewe unaitwa Catan. Ulitoka Ujerumani mwaka 1995, na aliyeubuni, Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno bandia. Sikushangaa, maana siku hiyo nilisaga yangu vya kutosha. Tulisomewa masharti saa nzima. Kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya watu inaisha mapema kuliko hapo. Wazee wa kwetu wana isolo, watu wa pwani wana bao lao la mashimo 32 na kete 64, mchezo wa kumtoa mtu jasho kweli, na hakuna aliyesomewa kitabu. Ulisimama nyuma ya babu mpaka ukaelewa, basi.

Haya. Kisiwa kinapangwa mezani kwa vipande 19: misitu, udongo wa tofali, malisho ya kondoo, mashamba ya ngano, milima ya mawe na jangwa moja. Dadu zikigonga namba yako unapewa kadi, unajenga, na wa kwanza kufikisha pointi 10 kashinda. Mpaka hapo sikuwa na neno. Balaa lilianza tulipoambiwa tubadilishane mali.

Mezani tulikuwa mimi, mpwa, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mzee mfugaji aliyekaa kwa sababu tu kiti kilikuwa wazi.

"Mzee, nipe kondoo nikupe tofali."

"Kondoo gani?"

"Huyo kwenye kadi yako."

"Tofali ngapi?"

"Moja."

Akanitazama muda mrefu. "Kondoo mzima. Kwa tofali moja." Kisha, kwa upole wa kutisha: "Ya kuchoma, au mbichi?" Nilipokosa jibu alikunja kadi zake akazitia mfuko wa ndani wa koti.

Kijana wa karasha naye akakwama kwenye mawe. Kwa masharti ya Mjerumani, kijiji kinakuwa mji kwa mawe 3 na ngano 2. "Yamepimwa haya?" akauliza. "Kiroba kinatoa gramu ngapi?" Mpwa akamwambia ni mawe tu, ya kujengea. Geita hii! Kijana akagoma kuyatoa kabla hayajasagwa, akataka kwanza ijulikane mwenye duara, yaani shimo, anachukua ngapi, na kwamba marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, yanabaki kwake.

Nikarusha dadu, ikatoka 7. Ikitoka 7, mwenye kadi zaidi ya saba anatupa nusu, halafu mrushaji anahamisha jambazi na kumwibia mtu. Mzee akatoa kadi zake kotini. Kondoo wanane watupu.

"Tupa wanne, mzee," mpwa akasema.

"Wana ugonjwa gani?"

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamchukua yule jambazi nikamweka katikati ya malisho ya mzee. Jamani, hii ndiyo kanda iliyoanzisha sungusungu miaka ya 1980 kwa kuchoshwa na wezi wa ng'ombe. Waliosimama nyuma yetu wakapiga mwano, lile yowe la Kisukuma la kuita watu. Ilikuwa utani, lakini vijana wa bodaboda wa upande wa pili hawakujua. Walifika mbio, wawili na fimbo, wakiuliza kaelekea wapi. Birika la dada wa chai likaenda na maji, na bili nikaletewa mimi niliyeweka jambazi.

Mpwa ndiye aliyeshinda, bila shaka. Kesho yake akarudi chuo, boksi akaliacha "mfurahi".

Nilikuwa nimeapa kutoucheza tena. Jana saa kumi nimepita pale kutafuta mtu wa drafti, nikakuta plaiwudi yetu imefunikwa juu ya ndoo ya dada wa chai. Mzee alikuwa ameshakaa. Kisiwa kimeshapangwa, jambazi yuko jangwani, na kiti kimoja hakina mtu.

"Umechelewa," akasema bila kuinua macho. "Kondoo leo tofali tatu. Za kuchoma."