Mgeni wa Miaka Miwili: Mwongozo wa Kulea Nanasi Uani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nanasi halimo katika hesabu hiyo. Hukaa kwako karibu miaka miwili, jembe ukalishika wewe mwenyeji, na bado linastahili kila siku ya heshima hiyo. Ukiwa tayari, fuata taratibu za mapokezi.

1. Mwalike kabla kisu hakijashuka. Nanasi la Kiwangwa, kule Bagamoyo, likifika sokoni Dar es Salaam, mara nyingi humenywa hapo hapo na taji likaishia kwenye ndoo ya taka. Wahi kusema: “Kaka, hicho cha juu nakichukua.” Atakushangaa. Mwache ashangae, ondoka na taji lenye majani mabichi na moyo usiooza.

2. Mvue nguo za safari. Ondoa nyama yote iliyoganda kwenye taji, maana ndiyo inayoleta uozo. Nyofoa majani ya chini mpaka shina lionekane kama sentimita 3. Huenda ukaona vichomozo vya mizizi vimeshajipanga. Lianike kivulini siku chache, kidonda kikauke. Kumpanda mgeni akiwa na jeraha bichi si ukarimu.

3. Mpe chumba chenye jua. Ndoo ya lita 20 iliyokatika mkono inamtosha kabisa, mradi uitoboe chini. Changanya udongo wa kichanga na mboji. Ukame ataustahimili, lakini maji yakituama mizizi itaoza. Weka ndoo mahali panapopigwa na jua saa 6 au zaidi kwa siku. Kumficha pembeni mwa sebule kwa ajili ya urembo ni kumfunga jela.

4. Usimzidishie maji kwa upendo. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana; nanasi hufungua vyake zaidi usiku, jua likishatua, ndiyo maana hupoteza maji kidogo. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia; kikitoka na tope, rudisha kopo jikoni.

5. Wafukuze wapambe. Vidung’ata hufyonza utomvu wa nanasi, na sisimizi huwalinda kwa sababu ya majimaji matamu wanayotoa. Ukiona msafara wa sisimizi unapanda ndoo, ujue kuna karamu ambayo hukualikwa. Kagua maungio ya majani, uwasafishe vidung’ata kwa maji ya sabuni.

6. Jibu maswali ya nyumbani. Mwaka wa kwanza utaisha bila tunda. Watoto watauliza, shangazi atasema umepanda mkonge. Kila anayeuliza “litazaa lini?” mkabidhi kopo la kumwagilia, maswali yatapungua na nanasi litastawi. Mmea ukishakuwa mkubwa, wenye majani 30 au zaidi, na bado umenyamaza, weka ndizi mbivu karibu na moyo wake, ufunike kwa mfuko siku chache. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayouamsha utoe maua. Wakulima wa kisiwa cha São Miguel, huko Azores, huwasha moshi ndani ya mabanda yao ya vioo kwa kazi hiyo hiyo.

7. Zuia mikono. Maua yakishatoka, jipe takriban miezi 6 mingine. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua, na maua hayo yote yameungana kuwa tunda moja. Hapa ndipo subira yako inapolipwa: nanasi haliongezi utamu baada ya kukatwa. Linalosafirishwa mbali huvunwa mapema ili lisiharibike njiani. La kwako halina safari, kwa hiyo liache mpaka manjano ipande kutoka kitakoni na harufu ikufikie kabla hujainama. Utamu huo hauuzwi gengeni.

8. Watunze waliobaki. Shina lililozaa halizai tena, ila huacha maotea pembeni. Bakiza moja au mawili yenye nguvu. Yatazaa mapema kuliko taji. Otea la ziada mpelekee jirani aliyekuwa anakucheka, pamoja na kipande cha nanasi, ajue anachokwenda kukingojea.