Profesa wa Ngozi, Tawi la Nyakahura

Mhadhara ulitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Ukaanza saa sita kasoro robo, kwa kuwa Profesa alikuwa anausubiri umeme, na umeme ulikuwa na ratiba yake. Chuo kilichompa uprofesa hakijawahi kutajwa mbele ya mashahidi. Kibao cha mlangoni kinatosha: picha za pasipoti, fotokopi, kuchaji simu, kurusha nyimbo, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, “Tiba ya Ngozi Zisizolingana (Pichani)”.

Hadhira ilikuwa ya heshima. Walikuwepo waendesha bodaboda wawili, fundi cherehani, bibi mmoja aliyefuata picha yake, na watu sita ambao simu zao zilikuwa kwenye chaji, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kuondoka.

Kwa asiyepajua, Nyakahura ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, kwenye barabara inayotoka Lusahunga kwenda Ngara na mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Pembeni ya barabara kuna udongo mwekundu, nyuma ya udongo kuna migomba, na juu ya vyote kuna jua la saa sita. Msomaji aviweke akilini vitu hivyo vitatu. Profesa hakuviweka.

Alikohoa mara tatu, akarekebisha miwani yake ya jua, ambayo haivui hata anapochagua rangi. “Uso wa mwanadamu,” alianza, “umeumbwa na kasoro. Kasoro hiyo, katika tonolojia, tunaiita mtawanyiko holela wa weusi.” Tonolojia ni elimu aliyoiasisi mwenyewe masika yaliyopita, mvua ilipowazuia wateja.

Kisha akaifungua picha ya bibi kwenye kompyuta. Paji la uso lilikuwa linang’aa karibu kuwa jeupe, kidevu kimeiva wekundu, shingo ina ukijani wa mbali, na upande wa sikio ulielekea kwenye buluu. “Nyuso nne ndani ya uso mmoja!” alisema Profesa kwa uchungu wa mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Bibi, aliyeishi na uso huo miaka yote bila kuambiwa kuwa ni halaiki, alijifunga khanga upya na kunyamaza.

Dawa ilifuata. Profesa alishika brashi ya kuponya, zana yenye jina la upole iliyoingia Photoshop katika toleo la 7, mwaka 2002. Kazi yake ni kufuta chunusi au mkwaruzo kwa kuazima ngozi ya jirani na kuilinganisha na mwanga wa pale inapobandikwa. Profesa aliitumia kama mtu anayepiga lipu ukuta wa mbele. Alichota kahawia ya shavu la kushoto, akaipaka kwenye paji, kidevu, shingo na kipande cha kilemba. “Rangi moja, uso mmoja!” alitangaza, akasubiri makofi.

“Pua iko wapi?” aliuliza fundi cherehani.

“Ipo kinadharia.”

Hapa mwandishi anaomba kuingilia kati, kwa niaba ya pua. Paji la bibi halikuwa jeupe. Lilikuwa na jasho, na jasho hurudisha mwanga wa jua kama bati jipya. Kidevu nacho hakikuwa chekundu, ila udongo wa chini ulikuwa umekitupia wekundu wake. Shingo ilipokea ukijani wa migomba, na sikio lililokuwa kivulini likamulikwa na anga tupu, ambayo mwanga wake una ubuluu. Ngozi ilikuwa moja, taa ndizo zilizokuwa nne. Zikiondolewa taa hizo, ngozi za watu wote, wa Nyakahura na wa Norway, hukaa kwenye kipande chembamba cha gurudumu la rangi, kati ya nyekundu na njano, kwa sababu zinazoipaka ngozi ni damu na melanini, popote ulipo. Kinachotofautiana sana ni kiasi cha giza. Ndiyo maana wanaosawazisha rangi za video wana mstari mmoja wa ngozi kwenye kipimo chao, na huutumia kwa kila mwigizaji.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi hutenganisha rangi na mwanga. Rangi iliyopotoka huirudisha mahali pake kwa brashi inayogusa rangi tu, tena kwa nguvu ndogo, akirudia kidogokidogo huku akitazama shingo na mikono. Mwanga huugusa kwa woga, kwa sababu kupanda na kushuka kwa mwanga ndiko kunakotuonyesha kwamba pua imesimama na shavu limebonyea. Profesa alivisawazisha vyote kwa mpigo mmoja. Akabaki na chapati.

Hakukata tamaa, akahamia historia. Alidai kwamba kamera zilitengenezwa na watu waliokuwa hawajamwona bibi. Watu wakacheka, na kwa bahati mbaya hapo hapakuwa pa kucheka. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Wa kwanza kujulikana alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyeitwa Shirley, na jina likawabakia wote waliomfuata. Rangi ikimkaa Shirley vizuri, mashine imekaa sawa. Mweusi aliyepigwa naye picha moja alitoka meno na macho. Lorna Roth, profesa wa kweli huyu, wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliandika mwaka 2009 kwamba msukumo wa kuboresha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Walilalamika kwamba kahawia za bidhaa zao zilikuwa hazitofautishiki. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu.

Afrika Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kamera ya Polaroid ID-2, yenye kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, ilitumika kupiga picha za vile vitabu vya pasi ambavyo serikali ya makaburu iliwalazimisha Waafrika kuvibeba. Wafanyakazi wawili wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani mwaka 1970, na mwaka 1977 kampuni ikajiondoa nchini humo. Profesa aliyapita haya haraka. Hayakumhusu yeye binafsi.

Aliporudi kwenye yanayomhusu, sauti ilipanda. Mwaka 2022 Google ilitangaza kipimo cha ngozi chenye ngazi 10, kilichobuniwa na Ellis Monk wa Harvard, na mwaka uliofuata kampuni ya simu ya Tecno ikaja na teknolojia yake ya kutambua ngozi za aina nyingi. Profesa alizikubali juhudi hizo “kama mwanzo”. Kipimo chake kina ngazi 11, nazo zimebandikwa ukutani: huanza na Chai ya Maziwa, hupitia Karanga Mbichi, Karanga ya Kukaanga na Kahawa ya Kagera, na huishia Usiku wa Mgao. Mwendesha bodaboda mmoja aliomba kupimwa. Akawekwa Karanga ya Kukaanga, akakata rufaa.

Ni mwenzake aliyeuliza swali la maana: kwa nini wateja wanaotumia mkorogo wa kujichubua hutoka pichani uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi? Mitaani wanaitwa uso Fanta, miguu Coca. Haidrokwinoni na zebaki za mkorogo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania, na zebaki inaweza kuharibu figo, ila dawa hizo bado zinapita kwa vichochoro. Hapo pana ngozi zisizolingana kwelikweli, na hakuna brashi inayomtibu mwenye vidole. Profesa aliliona jambo hilo kibiashara. “Mkorogo huanza kazi,” alisema, “mimi huimalizia.”

Bibi akasimama. “Mjukuu wangu, picha hii naipeleka kwa dada yangu Kibondo. Tumeachana miaka mingi. Akiletewa huyu, atauliza ni nani aliyemtuma.”

Profesa alieleza kwamba dada atazoea. Kijana anayefagia studio, ambaye hana cheo wala kipimo, alimpa bibi shikamoo zake zote, akamwomba dakika tano. Akamtoa nje hadi chini ya upenu, mbali na migomba, akamfuta jasho kwa upole, kisha akatandika chini magunia mawili meupe ya sandarusi kuufunika udongo. Mwanga mweupe ukapanda kutoka chini, ukaingia hadi kwenye macho yaliyozama. Akapiga picha tatu kwa simu. Alijitahidi mwanga utoshe palepale, kwa kuwa picha ya JPEG ya simu ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na uso mweusi uliopigwa gizani hubanwa kwenye ngazi chache za chini. Ukiuvuta juu kwenye kompyuta, unapata chengachenga.

Hakukuwa na kazi kubwa ya kurekebisha. Kijana alipunguza mng’ao kidogo upande mmoja wa paji, akaliacha kovu la nyusi alipoambiwa kuwa dada atalitafuta hilo kwanza.

Profesa alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. “Mnaona?” aliiambia hadhira. “Hiyo ni sura ya kumi na mbili ya tonolojia. Inaitwa Gunia.”

Printa ilianza kulia. Ilishusha kilemba, paji, lile kovu, macho, na ilipofika chini kidogo ya mashavu umeme ukakatika. Waliokuwa wanachaji simu waliguna. Bibi aliivuta karatasi ile ya nusu uso, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda.

“Pua ipo,” akasema, akafungua fundo la khanga kutafuta hela, akampa kijana.