Ombi la Kulipa kwa Herufi Ndogo

Kwa Mkurugenzi wa Masoko, kampuni inayotuuzia intaneti

Mheshimiwa,

Hongera kwa bango jipya pale njia panda. Namba 40 imenona kiasi kwamba hata bodaboda anaisoma bila kupunguza mwendo. "Hadi" iliyotangulia na "Mbps" inayofuata nilizikuta niliposogea mpaka kwenye nguzo.

Nyumbani, nikishusha faili, kompyuta inaandika MB 4.7 kwa sekunde. Nikipiga huduma kwa wateja, dada mwenye sauti ya asali ananiambia nizime ruta, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Kila siku ruta! Hakuna anayesema kwamba 40 zenu, zenye b ndogo, ni megabiti, na biti nane ndiyo baiti moja, yenye B kubwa, hivyo mtandao hata ukikimbia kama malaika, MB 5 sivuki. Mnajua. Mnaniacha nigombane na ruta.

Najua wahandisi hupima kasi ya waya kwa biti, na sina ugomvi nao. Ila bando mnalikata kwa baiti. Kujisifu, biti; kukata, baiti. Mwenye duka la mchele akikutwa na mizani mbili, Wakala wa Vipimo hawamwachi. Ninyi mnajengewa bango. Huu ni wizi uliovaa tai.

Samahani, Mheshimiwa. Nirudi kwenye ombi.

Kuanzia mwezi ujao naomba kulipa kwa "sh" ya herufi ndogo. Ankara yenu ni Sh 80,000. Nami nitalipa sh 80,000, sifuri zote zikiwa mahali pake. Kwa kuwa sh ndogo, kama b yenu ndogo, ni moja ya nane ya ile kubwa, karani wa dirishani atapokea msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi. Mwandaeni asishtuke. Akisema pesa zimepungua, nitamwomba kwa upole afunge droo, ahesabu mpaka thelathini, aifungue tena. Akizidi kulalamika, nitamwonyesha kwamba niliahidi "hadi" 80,000, na kwamba malipo hutegemea hali ya hewa, unene wa kuta, na idadi ya watoto wanaokula nyumbani kwa wakati mmoja.

Mengine ni madogo. "Hadi" ikuzwe ilingane na 40. Na yule kijana anayecheka bangoni apewe sinema ya GB 2 aishushe, tumwangalie meno.

Wako mtiifu,
Mteja wa kudumu (hadi mwisho wa mwezi)