Hewa Nayo Ina Wazazi

Jirani, bosi kanidhalilisha tena, safari hii mbele ya keshia. Karatasi ya bei mkononi, anauliza: "We fundi, bidhaa namba moja umeipeleka wapi?" Sabuni namba 2. Mchele namba 4. Mafuta namba 6. Keshia anacheka. Na mimi nacheka, ningefanyaje?

Nikajitia utaalamu: bosi, faili ni ya XML, naigeuza kwa XSLT, namba zinatoka kwenye position(). "Namba moja iko wapi?" Nikanyamaza.

Sasa sikia uonevu. Kompyuta inaisoma hiyo faili kama mti, nodi kwa nodi, wazazi na watoto. <duka> mzazi, <bidhaa> watoto. Hapo hata mimi nimo. Kumbe kila nilipobonyeza enta ili faili ipendeze macho, ule mstari uliokatika nao ni nodi! Eti nodi ya maandishi. Maandishi gani? Hewa! Sasa apply-templates usipoiambia imchukue nani, inazoa watoto wote. Hewa inakamata namba moja, sabuni inasubiri nyuma yake. Bidhaa tatu, ukiuliza count(node()) unajibiwa 7. Wanne hewa!

Halafu njoo kwenye atributi. bei="2500" imekaa ndani ya bidhaa, ndiyo inayoleta hela. Iulize mzazi wako nani, @bei/.., inajibu bila kigugumizi: bidhaa. Mgeukie bidhaa, ataje wanawe kwa child::node(). Bei hayumo! Kama mtoto wa nje siku ya mirathi: yeye baba anamjua, kwenye orodha hayupo. Na wala si hitilafu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye XPath 1.0, ndiyo lugha ya maswali haya, W3C wakaipitisha Novemba 1999, wahariri James Clark na Steve DeRose. Watu wazima na akili zao.

Dawa ya hewa kanipa kijana wa fildi, anayeniita "mzee" kila akiniona na kompyuta: <xsl:strip-space elements="*"/>, unaiweka juu kwenye stailishiti. Hewa ikafutwa, sabuni ikawa namba 1. Bosi kushukuru? Thubutu! Kauliza kwa nini mwanzo sikufanya hivyo.

Wewe ukiandika yako, sema kabisa select="bidhaa", hewa ibaki nje. Na bei usimtafute kwa watoto, utakesha. Mwite kwa @bei, anaitika.