Mkizi Hana Hasira

Kwa miaka 11 nimefundisha methali isemayo hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona mkizi hata wa kuchorwa. Kwetu ni Nakuru. Samaki niliyemjua utotoni aliingia nyumbani akiwa amekwisha kukaangwa na kufungwa gazetini, na kama alikuwa na hasira zozote alikuwa ameziacha huko huko Naivasha.

Nikiwa bara jambo hili halikunisumbua. Unasimama mbele ya darasa, unaeleza kwamba mkizi ni samaki mwenye hamaki, akikasirika hujirusha juu, na katika kujirusha huko hutua chomboni, mvuvi akapata kitoweo bila jasho. Matumizi: kumwonya mtu mwepesi wa kukasirika. Wanafunzi wanaandika, kengele inalia, mnaagana. Kisha nikapewa barua ya uhamisho kwenda Lamu.

Wiki yangu ya pili huko, kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mtoto wa mvuvi, aliinua mkono kutoka dawati la nyuma.

"Mwalimu, huyo mkizi alikasirishwa na nini?"

Nikamwambia ndivyo alivyoumbwa.

"Ni huyu mkizi wetu huyu?"

"Huyo huyo."

Akasita kidogo, kama mtu anayetafuta njia ya kumpa mgonjwa habari. "Mwalimu, mkizi hana hasira. Hula matope tu."

Darasa lilicheka, na lilicheka kwa adabu, wameinamisha vichwa. Heri wangecheka kwa sauti.

Ndivyo safari yetu ilivyozaliwa. Niliwaeleza wenzangu kisa hicho ofisini wakati wa chai, na kabla vikombe havijaoshwa tulikuwa tumekubaliana kwenda jeti ya Shela Jumamosi, walimu wanane, tukamvue mkizi tumtazame uso kwa uso. Naibu wa mwalimu mkuu alijiteua kiongozi wa msafara. Alisema amezaliwa Kisumu, ameogelea na sangara na kula ngege tangu hajaota meno, na kwamba maji ni maji. Mwalimu wa Jiografia alichukua jukumu la kupanga saa. Madam, mwenzangu katika Idara ya Kiswahili, alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba asiguse ndoano, kwa kuwa alikuwa na insha 42 za Kidato cha Pili za kusahihisha. Swali lenyewe: andika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mtungaji wa swali nilikuwa mimi.

Mwalimu wa Jiografia alituchorea jua, dunia na mwezi kwenye ubao wa matangazo. Akatuonyesha jinsi mwezi mwandamo na mwezi mpevu unavyojipanga na jua, vikavuta bahari kwa pamoja, ikawa bamvua, maji yakajaa kupita kawaida. Jumamosi hiyo, akasema, ni bamvua, basi maji yatakuwa tele. Yote aliyosema yalikuwa kweli na ningempa alama zote. Ila maji yanayojaa kupita kawaida hupwa pia kupita kawaida, na mchoro haukuwa na saa. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mtoto yeyote wa Lamu analijua hilo bila kuchora mwezi. Sisi tulifika saa tatu na nusu.

Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa kilomita tatu hivi kwa njia ya ufukweni, na tuliufurahia sana, kwa sababu njia ilikuwa kavu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ni kavu. Tulipopanda jetini tukachungulia chini, ngazi zilikuwa zimesimama nje ya maji, chaza wamezing'ang'ania, na bahari ilikuwa imeondoka kama mdeni aliyesikia mnakuja. Naibu alitundika mshipi wake. Chubwi ikatua kwenye mchanga wenye unyevu, tukaisikia: tup.

Kilichokuwepo kwa wingi ni paka. Paka wa Lamu ni wembamba, shingo ndefu, masikio kama mabawa, na watalii huwapiga picha wakisema wanafanana na wale waliochorwa kwenye makaburi ya Misri. Saba walikaa wametuzunguka, mikia wameikunjia miguuni, wakisubiri kwa utulivu ambao wazazi hawana siku ya kutoa matokeo. Nao walikosea saa.

Naibu akafungua kopo la siagi alilolibeba tangu alfajiri. Ndani mlikuwa na minyoo aliyoichimba nyuma ya nyumba za walimu, mikubwa, minene, imelala kwenye udongo wake mweusi. "Chambo hiki," alisema, "hakuna samaki aliyewahi kukikataa."

Mwalimu wa Biolojia, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisafisha koo. Akasema kwamba mkizi hana habari na minyoo ya shambani. Yeye hukwangua mwani na kufyonza tope la juu juu, akachuja uchafu wenye lishe, na kwa kuwa humeza mchanga mwingi, tumbo lake lina ukuta mnene wa misuli wa kusagia, mfano wa firigisi ya kuku.

"Samaki ana firigisi?" Naibu akauliza.

"Ana kitu cha namna hiyo."

"Na hilo ulilijua tangu lini?"

"Tangu chuo."

"Ukaniacha nichimbe."

Hiyo ndiyo hasira ya kwanza ya siku ile, na haikuwa ya mkizi.

Ilipokaribia saa tano mashua moja ilipita karibu, na aliyesimama mbele akishika mlingoti alikuwa yule kijana wangu wa dawati la nyuma, pamoja na baba yake. "Shikamooni walimu!" akaita. Tukaitikia kwa sauti za watu wanaojua wanachokifanya. Akatazama mshipi wa Naibu uliolala mchangani, akatazama bahari ilipokuwa, akameza maneno. "Maji yatarudi alasiri, mwalimu," akasema tu, na mashua ikaenda zake. Sijawahi kumpenda na kumchukia mwanafunzi kwa wakati mmoja kama nilivyofanya saa ile.

Maji yalirudi kweli, nayo yalirudi na mikizi. Ilikuwa kama saa nane. Kwanza tuliona maji yanatekenyeka karibu na nguzo, kisha migongo ya kijivu, kisha kundi zima linazunguka polepole kama watu wanaotafuta ofisi. Nililala kifudifudi nikachungulia. Huyu ndiye mkizi! Kichwa kipana, kimebapa juu, macho yenye ukungu, mistari hafifu ubavuni, na mdomo mdogo kuliko nilivyotarajia kwa samaki mwenye sifa kubwa hivyo. Uso wake ulikuwa wa karani anayekaribia kustaafu. Hasira nilizitafuta, wallahi, sikuziona.

Mwalimu wa Biolojia akasema wale waliozoea majeti hula mkate. Mkate tuliokuwa nao ni boflo nane za chakula cha mchana, za kulia viazi karai na chai ya chupa. Tukatoa moja. Naibu alifinyanga tonge, akalivika ndoano, akalishusha.

Mkizi mmoja alilifuata. Hakuliuma. Alilikaribia kwa midomo iliyochongoka, akalivuta kidogo, akaliachia, akarudi upande wa pili, kama mzee anayeonja uji wa moto ukingoni mwa bakuli. Kila alipoonja, tonge lilipungua. Likapungua hadi ndoano ikabaki inang'aa peke yake majini, safi, kama imeoshwa kwa sabuni. Naibu alivuta kwa nguvu zote akainua hewa.

Tukafinyanga jingine. Nadharia ikawa kwamba tukirusha mkate mwingi ovyo watapoteza tahadhari. Walipoteza njaa. Mwalimu wa Hesabu, ambaye alikuwa akiandika kila kitu kwenye kijidaftari, alitangaza saa tisa kwamba boflo saba kati ya nane zimo baharini, samaki waliopatikana ni sufuri, na kwamba hesabu ya kugawanya kwa sufuri haina jibu. Ya nane aliikalia. Tulikunywa chai kavu. Viazi paka walikuwa wamevimaliza tukiwa tumelala kifudifudi.

Wakati huo Mwalimu wa Jiografia, akitafuta kurudisha heshima yake, alitusimulia kwamba huko Laguna, Brazili, pomboo huwasukuma mikizi hadi walipo wavuvi waliosimama majini na vimia, kisha pomboo mwenyewe hutoa ishara ya kurusha. Tukamsikiliza. Tukatazama paka wetu. Mmoja alikuwa akijilamba mguu.

Kisha Naibu akanasa kitu. Mshipi ulikaza, akapiga kelele, "Ameshika! Mkubwa!" Alikuwa mkubwa kweli: ilikuwa ni boti ya abiria iliyokuwa ikiondoka kuelekea Manda, na ndoano ilikuwa imekamata kamba ya nyuma. Naibu alikimbia nayo hadi mwisho wa jeti, mshipi unamchoma vidole, akiinua mkono mmoja kuwaashiria wasimame. Watalii wawili wakampungia. Akina mama waliokaa pembeni nao wakampungia. Jeti ilipokwisha akaachia, na kibao cha mshipi kikaruka ng'ambo kikielekea uwanja wa ndege wa Manda.

Muda wote huo Madam alikuwa kivulini, amekalia leso, kalamu nyekundu mkononi. Mara kwa mara alitusomea. Katika insha moja mkizi alikuwa amekasirika kwa kudhulumiwa urithi. Katika nyingine alikuwa amekosana na mkewe. Insha 19 zilieleza kwamba alitukanwa. Nilimuuliza Mwalimu wa Biolojia, basi kwa nini anaruka? Akasema wataalamu wana fikra kadhaa, kwamba anakimbia adui, kwamba anakung'uta wadudu waliomganda, kwamba anatafuta hewa pale maji yanapopungukiwa. Hasira hazimo kwenye orodha. Nikamwomba asilitaje hilo shuleni.

Saa kumi na nusu hatukuweza kurudi kwa miguu. Ile njia kavu ya asubuhi ilikuwa chini ya bahari, mawimbi yanapiga kuta. Tukakodi boti. Tulikaa wanne wanne, hakuna anayezungumza na mwenzake, Madam nyuma karibu na nahodha, kiondo cha insha wazi miguuni kwake.

Tulikuwa nusu ya njia, mashine inanguruma, jua linatupiga usoni, mara maji ya upande wa kushoto yakapasuka. Kitu cha fedha kikaruka mbele yangu kwa kimo cha bega, kikapita kati ya Naibu na Hesabu, kikagonga ukingo wa boti na kutumbukia ndani ya kiondo. Insha zikaanza kupiga makofi. Walimu wanane tukasimama kwa pamoja, boti ikalala upande, nahodha akafoka, "Kaeni kitako! Kaeni!" Naibu alikwisha kujitupa juu ya kiondo kwa kifua, Madam anampiga begani na faili, "Karatasi zangu! Bwana Naibu, karatasi!"

Nahodha alizima mashine. Akamtoa Naibu, akaingiza mkono mmoja kwenye kiondo kama anayetafuta funguo, akamtoa mkizi kwa shavu, akamtupa chini ya kiti chake.

"Huyo ni wetu," Naibu alisema.

"Nani kati yenu amemvua?"

Kimya.

"Basi ni wa chombo," nahodha akasema, akawasha mashine. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mwalimu wa Hesabu alijaribu kutoa hoja ya nauli ya watu wanane, akaambiwa atalipa ya tisa akiendelea. Nilimtazama nahodha yule njia nzima. Alikuwa na furaha, furaha kamili, ya kiwango cha kamusi, na nikataka kumshika mmoja wa wanafunzi wangu na kumwonyesha.

Jumatatu niliingia Kidato cha Pili kifua mbele. Niliwaeleza kwamba nimemwona mkizi, kwamba amerukia chomboni mbele ya macho yangu kama methali isemavyo, na kwamba alikuwa hivi, nikawaonyesha kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Darasa likanyamaza kwa heshima. Kisha nikagawa insha, ambazo Madam alikuwa amezianika Jumapili nzima kwa vibanio vya nguo, zikakauka zimejikunja, wino umetapakaa, na harufu yake inatangulia.

Kijana wa dawati la nyuma alipokea ya kwake, 14 kwa 20. Hakutazama alama. Aliinua karatasi puani, akaishusha, akaipitisha macho mstari kwa mstari mpaka akakuta gamba limegandia kwenye aya ya pili. Akalibandua kwa ukucha, akaliinua kuelekea dirishani, mwanga ukapita ndani yake.

"Mwalimu," akasema, kwa upole ule ule, "huyu nusu kilo hafiki."