Leso Kule, Tanga Huku

Ukichora joka la riwaya za Kizungu, hakuna mtu Kibokoni atakayekusumbua. Joka halina jamaa hapa. Mimi nilijitakia makuu: nilichagua The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwana wa Mombasa. Riwaya hiyo ilitoka 2021, na 2022 ikawa ya kwanza kutwaa Tuzo ya Ursula K. Le Guin, yenye dola 25,000. Ndani yake Aisha, binti wa Kihadhrami, anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi aliyepotea. Chombo chake ni cha mifupa, na mwenziwe safarini ni paka msomi anayesema. Nikasema nitaichora safari ile kwenye tableti, niitie mtandaoni, watu wasioijua Mombasa waniambie mashallah.

Sanaa ya tableti nadhani ilibuniwa na watu wa nchi za baridi. Kwa kioo kile, tone la jasho nalo ni kidole. Lilinidondoka la kidevuni, likateleza, na Aisha akapata mstari mweusi kuanzia kwenye nyusi hadi mlingotini. Wachoraji wenye uwezo huvaa glavu ya vidole viwili, kiganja kisishike kioo. Mimi nilikata soksi ya shule ya mdogo wangu. Mama alipopita akaniona nimekaa dirishani, soksi mkononi, nazungumza na paka wa kwenye kioo, alisimama kidogo, akaanza kunisomea Ayatul Kursi.

Nikatoka kufuata upepo barazani, karibu na Bandari ya Kale. Hapo palikuwa na nahodha mstaafu na finjani yake ya kahawa. Akaichukua tableti, akaivuta picha kwa vidole viwili kama avutavyo picha za harusi za wajukuu.

"Ami, hicho ni chombo cha mifupa," nikawahi kumweleza. "Mambo ya ajabu ajabu."

"Naona ni mifupa. Uti wa mgongo ndio mkuku, mbavu ndizo mataruma. Hapo sina neno, aliyeunda ajua kazi." Akavuta picha zaidi. "Lakini tanga limejaa, lasema upepo watoka tezi. Leso ya huyu binti yapepea nyuma, yasema upepo watoka omo. Mwanangu, huyu mtoto atafika wapi?"

Nikamwambia leso ikipepea nyuma ndiyo inapendeza. Hilo halikumridhisha hata kidogo. Baraza nzima ikasogea. Mvuvi mmoja akauliza huu ni wakati wa kusi au kaskazi, maana kusi ikikaza hakuna mwenye akili atokaye na kijichombo kama kile. Mwenziwe akamjibu kwamba binti aliyepotelewa na baba hangoji kaskazi. Wakabishana hadi adhana ya alasiri, tableti ikipita mkono hadi mkono, na kila mkono ukiacha alama ya mafuta ya viazi karai. Mifupa kuelea ilikubalika. Paka kusema ilikubalika. Wapo pale waliosema paka wa usiku si wa kupigwa kwa vile humjui ni nani. Leso ndiyo iliyokataliwa.

Muuza kahawa peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema juu ya paka. "Huyu si wa hapa. Masikio yote mazima?" Nikatazama chini ya baraza. Waliolala pale walikuwa wanne, na hakuna aliyekuwa na sikio lisilochanika. Nikamchana wangu papo hapo. Nyumbani, shangazi naye akasema leso haina jina, na leso bila jina ni kitambaa cha meza. Nikatia jina.

Usiku stima ikapotea, betri nayo ikafa, na tabaka la bahari lilikuwa halijahifadhiwa. Ilipowaka, maji yote yalikuwa yamekwenda. Wamebaki binti, paka na mifupa yao hewani, kama raia wa Kusadikika, ile nchi ya angani aliyoibuni Shaaban Robert 1951. Kusema kweli ilipendeza, lakini nahodha angeuliza nanga inatiwa wapi, basi nikaichora bahari upya.

Mwisho wa yote, mtandaoni picha ilipita kimya. Aliyeipenda ni jirani mwenye tuktuk. Akaitaka kwenye kioo cha nyuma, nami nikaandika nambari yangu ya simu pembeni, nikitumaini kupata kazi. Fundi wa stika akainyoosha hadi paka akawa na kimo cha Aisha, kisha nafasi ikamwishia, akakata bahari na tanga. Zikabaki mbavu, uti wa mgongo, binti mwenye huruma usoni, na nambari yangu.

Simu ya kwanza ilitoka Likoni.

"Daktari, asalaam aleikum. Mwaunga magoti pia, au nyonga peke yake?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi ni mchoraji.

"Hewalla, daktari. Basi nakuletea eksirei uichore vizuri. Ile ya hospitali haionekani."